Kabla Hujanunua Mashine, Hakikisha Wateja Wapo

Tuseme unaishi Free Area, Nakuru, na unataka kuuza unga wa uji wa wimbi na mtama kwenye pakiti yenye jina lako. Umeuliza majirani, wote wamesema, "Lete tu, tutanunua!" Chama kiko tayari kukukopesha Sh80,000 za mashine ya kusaga. Uchukue?

Ngoja kwanza. Jirani akiulizwa hivyo husema ndiyo ili asikuvunje moyo. Na sifa hazilipi mkopo.

Hata kutuma pesa kwa simu kulianza kwa majaribio. Oktoba 2005, M-Pesa ilijaribiwa na wateja wasiofika 500 wa Faulu Kenya, maeneo ya Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa kuwarahisishia kupokea na kulipa mikopo midogo. Lakini watu wakaanza kuitumia kivyao: kutumiana pesa, kununulia jamaa walio mbali kredo, hata kuhifadhi pesa za biashara usiku. Waliokuwa wakiisimamia waliona hayo, na ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Wewe pia unaweza kujaribu, tena kwa mtaji mdogo:

1. Uliza kuhusu jana, usiulize kuhusu kesho. "Mara ya mwisho ulinunua unga wa uji wapi? Kwa bei gani?" Anayenunua nafaka sokoni na kusagisha mwenyewe huenda hahitaji pakiti yako.

2. Anza na kidogo. Saga kilo 20 kwa mashine ya mtaani na uuze kwa bei kamili. Ukigawa bure, kila mtu atakuwa mteja.

3. Pokea oda zilizolipiwa. Anayelipa mapema, hata nusu, amekuambia ukweli. Andika jina, kiasi na siku ya kupeleka. Usiguse pesa hizo kwa matumizi ya nyumbani, na ukishindwa kupeleka, rudisha zote. Na kumbuka: kupokea malipo hakuhitaji PIN yako wala ya mteja.

4. Hesabu wanaorudi. Mwezi wa kwanza shangazi na marafiki watanunua. Mwezi wa pili, fungua taarifa ya miamala yako uone ni nani amelipa tena bila kukumbushwa.

Sasa piga hesabu. Mfano: kila kilo inakuachia faida ya Sh40, na chama kinataka Sh8,000 kila mwezi. Lazima uuze kilo 200 kwa mwezi ili ulipe mkopo tu, kabla hujajilipa hata shilingi. Ukiwa na wateja kumi wanaorudi, kila mmoja kilo mbili, hizo ni kilo 20. Mashine haijafika wakati wake. Tafuta maduka ya Lanet, Bahati au Njoro kwanza, huku ukiendelea kusagisha mtaani.

Oda zikifika kiwango hicho miezi miwili mfululizo, rudi kwa chama na hesabu mkononi. Uliza pia afya ya umma kaunti na KEBS kuhusu vibali vya chakula cha pakiti.

Na zisipofika? Umepoteza pesa za kilo chache za nafaka. Unga uliobaki, nyumbani mtakunywa uji. Deni la Sh80,000 halinyweki.