Noki Sensa ya Subaru: Kazi Unayoiweza Mwenyewe

Juu ya bloku ya injini ya Subaru Impreza WRX kumefungwa kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, hukiita noki sensa. Kikiharibika, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, gari huwa zito kupanda mlima, na petroli huisha upesi. Hapo ndipo wenye magari wengi hupatwa na hofu na kumkabidhi ufunguo fundi wa kwanza wanayemwona. Mimi ninaendesha WRX yenye injini ya EJ20 hapa Nairobi, na noki sensa yake niliibadilisha kwa mikono yangu. Ninaamini kila mwenye gari la namna hii anaiweza kazi hiyo, mradi aielewe kabla ya kushika spana.

Tuanze na kunoki kwenyewe. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko wa hewa na petroli huwaka kwa mpangilio, moto ukaenea na kuisukuma pistoni. Joto na shinikizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia kabla ya kufikiwa na moto huo. Mlipuko huo huigonga pistoni kwa nguvu, na ukirudiarudia unaweza kuivunja. Injini ya turbo iko hatarini zaidi kwa kuwa turbo huishindilia hewa ndani ya silinda. Ongeza petroli hafifu, jua kali na mzigo mzito, hatari inakua.

Noki sensa ndiyo sikio la injini. Ndani yake mna kitu kinachotoa umeme kikibanwa au kutikiswa, tabia ambayo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880. Mtikisiko wa kunoki ukipita kwenye bloku, sensa huugeuza kuwa umeme kidogo, na kompyuta ya injini huchelewesha cheche mpaka hali itulie. Sensa ikifa, kompyuta haina tena wa kuipa habari, hivyo huchelewesha cheche kwa tahadhari. Ule uzito unaousikia kwenye mwendo ni injini inayojilinda.

Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997, Colin McRae akiwa kwenye usukani, na mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayajapoa. Lakini WRX nyingi tulizo nazo zilitumika Japani kabla ya kufika kwetu, na umri wake umesogea. Sensa inakaa palipo na joto jingi, kwa hiyo plastiki yake hukauka na kupasuka.

Hata hivyo, usinunue sensa mpya kwa sababu tu skana imesoma kodi ya hitilafu P0325 au P0327. Kodi hukuonyesha pa kuchunguza, haikuambii cha kutupa. Kagua kwanza soketi ya waya: je, ina kutu, mafuta, au waya uliokatika? Kisha pima sensa kwa multimita. Kwa injini nyingi za EJ, ukinzani kati ya pini ya sensa na mwili wake huwa kati ya kiloomu 400 na 700. Ukitoka mbali na hapo, umempata mkosaji. Na kama unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, zima gari. Hizo huenda ni beringi, na hakuna sensa itakayoziponya.

Ukiwa na hakika, subiri injini ipoe kabisa, kisha chomoa waya wa hasi wa betri. Ondoa intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, iliyo juu ya injini: fungua bolti mbili zinazoishikilia, mbili za vali ya kupumulia, na klempu za mipira inayokwenda kwenye turbo na throto. Ziba kila tundu lililobaki wazi kwa kitambaa safi, maana nati moja ikiangukia humo itakugharimu injini nzima. Sasa chungulia chini ya throto. Utaiona sensa imekaa kwenye bloku. Chomoa soketi yake, kisha ifungue bolti yake kwa spana ya soketi namba 12 yenye kiungo kirefu.

Hapa ndipo penye siri ya kazi. Sensa husikia kwa kugusana na chuma, basi futa uchafu na kutu pale inapokalia mpaka pang'ae. Usiweke wosha, grisi wala gundi. Elekeza waya nyuma ya injini kwa pembe ya nyuzi 60 kama kitabu cha Subaru kinavyoagiza, kisha kaza kwa spana ya kupima torki hadi nyutoni-mita 24. Ukilegeza, sensa haitasikia vizuri. Ukikaza kupita kiasi, utaipasua ikiwa mpya. Azima spana hiyo kama huna, lakini usikisie.

Kwenye ununuzi, peleka sensa ya zamani dukani na ulinganishe namba. Sensa feki hufanana na halisi kwa macho, ila inaweza kuidanganya kompyuta, na hapo injini itanoki bila mlinzi. Afadhali usubiri wiki moja upate halisi.

Ukisharudisha kila kitu, futa kodi kwa skana, washa gari, na hakikisha hakuna mpira wa hewa unaovuja. Endesha polepole mwanzoni mpaka injini ipate joto lake la kawaida, kisha soma kodi tena. Taa ikirudi, rejea kwenye waya kabla ya kulaumu sensa mpya.

Fundi mzuri bado nina haja naye, na ninamheshimu. Lakini mwenye gari anayejua noki sensa inafanya nini humweleza fundi tatizo kwa ufasaha, hauziwi spea asiyoihitaji, na hupunguza mguu kwenye pedali ya mafuta mapema injini inapoomba msaada. Maarifa hayo ndiyo yatakayoiweka EJ20 yako barabarani kwa miaka mingi.