Akili unde ya bure, ufunguo mkononi mwa nani?

Saiba za miji midogo ya Kitui zinajua siri za watu kuliko makanisa yao. Migwani, mji ulio kando ya barabara itokayo Mwingi kuelekea Kitui, hauna sababu ya kuwa tofauti. Saiba ndiko mkulima wa ndengu anakojaziwa ritani za kodi za KRA, ndiko mwanafunzi anakoombewa mkopo wa HELB, ndiko kozi za chuo za KUCCPS zinakochaguliwa siku ya mwisho. Mhudumu ndiye anayefungua akaunti, ndiye anayetunga nywila, na mara nyingi huiandika kwenye daftari lake. Mwaka ukigeuka, mteja anarudi na ombi moja: nifungulie ile yangu.

Desturi hiyo sasa inakutana na bidhaa mpya. Baadhi ya kampuni za akili unde hutoa sehemu ya huduma zao bila malipo kupitia ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ukiubandika ndani ya programu iliyo kwenye kompyuta yako, programu inaanza kuwasiliana na modeli iliyo ng'ambo. Google hutoa ufunguo wa modeli zake za Gemini kupitia AI Studio, na Groq hutoa wake. OpenRouter, iliyoanza 2023, ni dalali: ufunguo wake mmoja unafikia modeli za kampuni nyingi, na zile za bure hutambulika kwa neno "free" mwishoni mwa jina. Huulizwi kadi ya benki. Kwa mwalimu anayetaka kutunga maswali ya mtihani wa muhula, hilo si jambo dogo. Kweli, tangu 2022 M-Pesa GlobalPay inaweza kumpa kadi ya mtandaoni, lakini dola ni dola.

Kuunganisha kwenyewe hakuhitaji mhandisi. Unafungua akaunti kwa baruapepe, unaomba ufunguo, unaunakili papo hapo kwa kuwa watoaji wengine hawauonyeshi tena, unaubandika kwenye mipangilio ya programu, unachagua modeli, unauliza swali la kujaribu. Likirudi kosa la 401, ufunguo una kasoro, pengine nafasi tupu iliyonaswa wakati wa kunakili. Likirudi 429, mgao umekwisha.

Hilo la pili ndilo litakalosumbua watu. Kufikia 2025, OpenRouter ilimruhusu mtumiaji wa modeli za bure ambaye hajawahi kununua salio la dola 10 maswali 20 kwa dakika na 50 kwa siku. Hamsini yanamtosha mwalimu mmoja, tena yanabaki. Lakini mhudumu wa saiba akiwaunganisha walimu kumi kwa ufunguo wake mmoja, wanagawana hayo hayo 50, na kabla ya chai ya saa nne wote wamekwama. Hawatajua sababu. Wataambiana tu kwamba hiyo AI ya bure ni uongo. Mhudumu naye akipata kazi Nairobi, akaunti inapanda matatu pamoja naye.

Kuna pia suala la nani anasoma unachoandika. Masharti ya Google kwa huduma ya bure ya Gemini yanasema wazi kwamba unachoandika chaweza kutumika kuboresha bidhaa zao na kwamba binadamu wanaweza kukipitia. Wanaonya usiweke taarifa za siri wala za kibinafsi. Mwalimu anayebandika orodha ya alama za darasa, majina yakiwamo, ametoa kitu ambacho si chake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Afute majina, nambari zinatosha. Na kwa kuwa ufunguo wa Gemini ni wa waliotimiza miaka 18, mwanafunzi wa kidato cha tatu asifunguliwe wake kwa kudanganya umri, hata akibembeleza vipi.

Gharama nyingine imejificha ndani ya lugha. Modeli hizi hukata maneno vipande vipande kabla ya kuyasoma, na Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Kikamba, chenye ĩ na ũ zake, ndicho kinachoumia zaidi. Pale mgao unapohesabiwa kwa vipande, anayeuliza kwa lugha ya mama anaumaliza mapema, na jibu analopata mara nyingi ni duni. Sioni haya kuuita huo ubaguzi, hata kama hakuna aliyeukusudia. Juhudi zipo: 2022 Meta ilitoa NLLB-200, modeli ya kutafsiri lugha 200, Kikamba kikiwemo, na 2023 Jacaranda Health ya hapa Kenya ilitoa UlizaLlama, iliyofunzwa Kiswahili juu ya Llama ya Meta kwa ajili ya kuwajibu kina mama wajawazito.

Asiyetaka mgao wa mtu anaweza kuiweka modeli ndani ya kompyuta yake kwa programu kama Ollama. Llama 3.2 ndogo, ile ya vigezo bilioni 3, ni kama gigabaiti 2. Kiswahili chake ni cha kubabaisha, lakini haina mgao, na intaneti ikikatika inaendelea kujibu. Hapa saiba ina faida ya kweli: inapakua mara moja kwa bando lake, kisha inawanakilia wateja kwa flashi.

Kwa wale wa funguo, ningependa mteja mwenyewe akalie kiti, baruapepe iwe yake, nywila aitunge yeye, mhudumu aelekeze kwa kidole tu. "Bonyeza hapo, Mwalimu. Nakili. Sasa bandika huku." Inachukua muda mrefu zaidi, na akimaliza hana sababu ya kurudi kufunguliwa tena. Mwenye saiba, aliye na kodi ya chumba na bili ya umeme, ameshapiga hesabu hiyo. Basi atoze ada ya kufundisha badala ya ada ya kufungua, na iwe kubwa kidogo.