Kulinganisha Alama za Majaribio Mawili kwa Lahajedwali

Kila mwalimu, baada ya kutoa jaribio la pili, hupenda kujua ni wanafunzi wangapi waliopanda na wangapi walioshuka. Wastani wa darasa haujibu swali hilo, kwani waweza kupanda huku mtoto mmoja akididimia pasipo kuonekana. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuiagiza kompyuta ihesabu kwa sharti, yaani ihesabu wale tu wanaotimiza jambo fulani. Tutatumia lahajedwali la Excel.

Tuchukue wanafunzi watano, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 6. Safu ya A ina majina, B ina alama za jaribio la kwanza, na C za jaribio la pili: Asha 40 na 55, Juma 62 na 58, Neema 35 na 47, Baraka 71 na neno "hayupo", Rehema 52 na 52. Wastani wapanda kutoka 52 hadi 53, lakini Juma ameshuka.

Wengi huanza na fomula hii:

=COUNTIF(C2:C6,">"&B2)

Jibu lake ni 4, na Juma yumo. Sababu ni kwamba alama zote za safu ya C zimelinganishwa na 40, alama ya Asha peke yake. Tumewapima watoto wote kwa kipimo cha mmoja, ilhali twataka kila mtoto alinganishwe na nafsi yake, mstari kwa mstari:

=SUMPRODUCT((C2:C6>B2:B6)*1)

Hapa kompyuta huuliza swali katika kila mstari. Jibu likiwa ndiyo huweka 1, likiwa siyo huweka 0, kisha hujumlisha. Jibu ni 3. Lakini tukihesabu kwa vidole twapata wawili tu, Asha na Neema. Wa tatu ni nani? Ni Baraka, ambaye hakufanya jaribio! Katika Excel, neno likilinganishwa na namba, neno huhesabiwa kuwa kubwa zaidi. Tungeiacha seli yake tupu, ingechukuliwa kuwa 0, na Baraka angeonekana ameshuka kwa alama 71.

Kwa hiyo hatuna budi kwanza kuhakikisha kwamba namba zote mbili zipo. Katika D2 tuandike fomula ifuatayo, kisha tuinakili hadi D6:

=IF(COUNT(B2:C2)=2,C2-B2,"")

Maana yake ni: ikiwa namba zote mbili zipo, toa, la sivyo, acha wazi. Sasa hesabu zetu ni nyepesi:

=COUNTIF(D2:D6,">0") yatoa 2, waliopanda.
=COUNTIF(D2:D6,"<0") yatoa 1, aliyeshuka.
=COUNTIF(D2:D6,0) yatoa 1, asiyebadilika.
=SUMIF(D2:D6,">0") yatoa 27, jumla ya alama zilizoongezeka.

Mwisho, tujumlishe makundi: 2 na 1 na 1 ni 4, ilhali darasa lina watoto 5. Anayebaki ni Baraka, naye hana budi kupewa jaribio lake. Tunawashauri walimu wanafunzi wajizoeze kwanza kwa majina machache wanayoweza kuyahesabu wenyewe; kwani kompyuta hujibu swali lililoandikwa, wala si lile lililo moyoni mwa mwalimu.