Kishikwambi cha Zamani Kinapoanza Kuchoka

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza nchini Tanzania Januari 2015 alimaliza darasa la saba mwaka 2021. Kwa muda wote huo iPad Air 2, iliyoingia sokoni Oktoba 2014, ilikuwa ikipata toleo jipya la mfumo wake kila mwaka. Mwaka 2022, mtoto akiwa kidato cha kwanza, Apple ilitoa iPadOS 16 na kuiacha Air 2 nje. Kifaa hakikuharibika. Kioo kiliwaka kama kawaida, picha zilikuwamo, video zilicheza. Hata Machi 2025 kampuni ilitoa toleo la 15.8.4 kuziba mianya ya usalama katika vifaa hivyo vikongwe. Ila programu mpya, moja baada ya nyingine, zilianza kukikataa.

Je, mwenye kifaa kama hicho anunue kingine?

Kwa simu, swali hili mara nyingi hujijibu lenyewe: imedondoka, imepasuka, imeibwa kwenye daladala. Kishikwambi, au tableti kama wasemavyo wengi Kenya, hukaa nyumbani. Watoto hutazamia katuni, mama husomea habari, jioni kinarudi juu ya kabati, na miaka inapita bila mtu kuhesabu. Apple yenyewe iliuza iPad milioni 71 katika mwaka wake wa fedha wa 2013. Kufikia 2016 zilikuwa chini ya milioni 46. Sababu moja kubwa ni kwamba waliokuwa nazo hawakuona haja ya nyingine, na hawakukosea.

Tanzania neno lenyewe lilizoeleka zaidi mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Baada ya hesabu, serikali iligawa vifaa hivyo kwa walimu. Mwalimu aliyekabidhiwa kimoja naye anafikia wakati wa kujiuliza swali hilihili, na jibu linaanza kwa kujua hasa ni kitu gani kimechoka.

Mara nyingi ni betri. Betri za lithiamu huzeeka kwa kutumika na kwa joto. Apple inasema betri ya iPad imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili ya kuchaji. Mzunguko mmoja si kuchomeka waya mara moja: ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, hata ikiwa nusu leo na nusu kesho. Anayetumia nusu ya chaji kwa siku atafika hapo baada ya siku 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Lakini hesabu hiyo inavurugwa na jua. Kampuni hiyohiyo inashauri iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, kiwango ambacho gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Mombasa au Dar es Salaam hukipita upesi sana. Kuchaji kifaa kikiwa chini ya mto, au kikiwa ndani ya kava nene lisilopitisha hewa, kunakipika vilevile.

Betri iliyochoka si sababu ya kutupa kifaa. Fundi mzuri anaweza kuibadilisha, ingawa kazi si nyepesi: vioo vya vishikwambi vingi hushikiliwa na gundi, lazima pembezoni papashwe moto taratibu, na haraka kidogo tu kioo kinapasuka. Mteja aulize mapema ni nani atabeba hasara ikitokea hivyo. Lipo jambo moja lisilotaka subira. Kioo kikianza kuinuka kutoka kwenye fremu, betri imevimba. Kifaa kizimwe, kisichajiwe tena, kisibonyezwe wala kutobolewa, kipelekwe kwa fundi.

Na kabla ya kulaumu betri, mtu atazame tundu la chaji. Vumbi na nyuzi za nguo zikishindiliwa humo, waya haufiki mwisho. Kijiti cha meno, kifaa kikiwa kimezimwa, kimeshawaokolea wengi fedha.

Baada ya betri huja nafasi. Air 2 ya bei ya chini iliuzwa Marekani kwa dola 499 ikiwa na GB 16 tu, na sehemu ya hizo ilimezwa na mfumo wenyewe. Kifaa kilichojaa hadi ukingoni huganda, programu hujifunga, masasisho hushindwa kuingia. Watu wengi husema kishikwambi kimezeeka kumbe kimelemewa na video walizotumiwa miaka mitatu iliyopita. Kuzihamishia kwenye kompyuta, au kwenye kadi ya kumbukumbu kwa vishikwambi vya Android vyenye sehemu yake, hurudisha kasi ambayo mwenye kifaa alidhani imekwisha.

Masasisho ya usalama ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo uamuzi wa kununua unapopaswa kufanyika. Betri hubadilishwa, nafasi hufunguliwa, lakini hakuna fundi wa mtaani awezaye kukiandikia kifaa mfumo ambao watengenezaji wameacha kuushughulikia. Google iliacha kuhudumia Android 4.4 mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2025 WhatsApp nayo ikaacha kufanya kazi kwenye toleo hilo. Mwenye kifaa afungue mipangilio, atafute habari za programu, asome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka kadhaa iliyopita, huduma za benki na fedha za simu zisifunguliwe humo tena. Hata hivyo kifaa hicho hakijaisha kazi. Kwa mtoto anayesoma vitabu vilivyopakuliwa, au kwa mzee anayesikiliza mawaidha yaliyohifadhiwa, kinafaa.

Kwa anayeamua kununua, muda wa masasisho ni muhimu kuliko kasi ya chipu. Samsung ilipozindua Galaxy Tab S10 mwaka 2024 iliahidi masasisho ya miaka 7. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, sheria inataka vishikwambi vipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya aina husika kuacha kuuzwa, na vipuri vipatikane kwa miaka 7. Mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, hana sheria hiyo mkononi, lakini anaweza kumuuliza muuzaji swali hilohilo: hiki kilitoka mwaka gani, na kitasasishwa hadi lini? Kifaa kipya ndani ya boksi kinaweza kuwa cha miaka minne iliyopita.

Wala hahitaji cha juu kabisa. iPad ya kawaida ya 2025 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 349 ikiwa na GB 128, mara nane ya ile Air 2, kwa bei ndogo kuliko yake. iPad Pro ya 2024, yenye unene wa milimita 5.3, ilianzia dola 999. Mchoraji au mhariri wa video atauona uzuri wake kila siku. Familia inayotazama YouTube na kufanya mazoezi ya shule ingefanya vyema kuielekeza tofauti hiyo kwenye ada.

Anayenunua kilichotumika akiwashe mbele ya muuzaji na kukianzisha upya kabisa. Kikiomba nenosiri la mtu mwingine, au kikionyesha kuwa kinasimamiwa na kampuni au shule fulani, hata ya ng'ambo, kitabaki kimefungwa hadi mwenyewe akifungue. Anayeuza cha zamani naye ana wajibu huohuo kwa upande wake: ahamishe picha, aondoe akaunti zake, ndipo afute kila kitu, akabidhi kifaa pamoja na chaja yake.