Ijue Ngozi Yako kwa Mkono Wako

Wakati wa kuoga mkono hupita mwilini haraka haraka. Mawazo yako kwenye mpunga, au kwenye deni la dukani. Mkono umegusa kila mahali, lakini mwenyewe hakusikia kitu. Leo tunazungumza juu ya kujigusa kwa makini, maana upo ugonjwa ambao mkono huutambua mapema, na wenyewe hauumi. Ugonjwa huo ni ukoma.

Wapo watakaosema, "Kwani ukoma si ulikwisha?" Haukwisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na wagonjwa pungufu ya mmoja katika kila watu 10,000. Hilo ni jambo jema, ila wagonjwa wapya bado wanapatikana.

Ukoma huletwa na kijidudu. Daktari Hansen wa Norwe alikigundua mwaka 1873. Basi siyo laana, siyo kurogwa, wala haurithiwi. Kijidudu hicho hukaa mwilini kimya miaka mitano hivi, pengine hata 20. Hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mshipa ukiharibika, ngozi inakufa ganzi.

Hapo ndipo penye hatari. Sisi wa Mwamkulu tunashinda majarubani, miguu peku kwenye tope. Mwenye ganzi miguuni akichomwa na kisiki, hajui. Anaendelea kupanda mpunga, anacheka na wenzake, na huku kidonda kinaoza. Mama mwenye ganzi mkononi ataipua sufuria bila kitambaa, na atajua ameungua pale atakaposikia harufu. Tuliambiwa tangu utotoni eti vidole vya mgonjwa wa ukoma hudondoka vyenyewe. Havidondoki. Humalizwa na vidonda na moto ambao mwenyewe hausikii.

Je, tujiguseje? Chagua wakati kungali na mwanga, ukishaoga. Usiharakishe. Kwa ncha za vidole gusa taratibu usoni, masikioni, mikononi, mapajani, mpaka nyayoni. Linganisha kulia na kushoto. Tafuta baka lililopauka au lenye wekundu. Choa huwasha, baka la ukoma kwa kawaida haliwashi, na ndiyo maana watu hulipuuza.

Ukiliona, fumba macho. Mwenzako akuguse kwa unyoya wa kuku au kipande cha pamba, mara juu ya baka, mara pembeni yake. Kila ukisikia, onyesha kwa kidole pale ulipoguswa. Msitumie kaa la moto, hata kidogo! Mgongoni hufiki mwenyewe, basi mkeo au mumeo akuangalie. Wanaume wengi huona haya kuomba hivyo. Hatujui wanamwonea haya nani, kwa mtu wanayelala naye kitanda kimoja.

Dawa za ukoma hutolewa bure, nazo huponya. Humezwa miezi 6 au 12, kufuatana na hali ya mgonjwa. Ganzi iliyokwisha kaa muda mrefu ni vigumu kurudi nyuma, kwa hiyo usingoje mavuno yaishe. Mwenye ganzi tayari, na hata mwenye kisukari, aangalie nyayo zake kila jioni kwa macho na kwa mkono, azipake mafuta, na avae viatu.

Ukifika zahanati usiseme tu, "Nina baka." Mwonyeshe mganga mahali penyewe, umwambie: "Hapa nikiguswa sisikii."