Dola za kidijitali: Jina moja, thamani mbili

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaotumia sarafu thabiti za kidijitali kulipia bidhaa au kuweka akiba wana kila sababu ya kuichunguza njia wanayotumia kuzihamisha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Baadhi ya hasara kubwa katika biashara hiyo zilitokea njiani, wakati bei sokoni haijatikisika.

Sarafu thabiti ni ile ambayo mtoaji wake huahidi kuwa kila moja ina thamani ya dola moja ya Marekani. Zinazojulikana zaidi ni USDT ya kampuni ya Tether, iliyoanza mwaka 2014, na USDC ya kampuni ya Circle, iliyoanza mwaka 2018. Huandikwa katika mitandao mbalimbali ya blokucheni, ikiwamo Ethereum, Solana na Avalanche. Kila mtandao ni daftari linalojitegemea, na dola iliyoandikwa katika daftari la Ethereum haiwezi yenyewe kuingia katika daftari la Solana. Kazi hiyo hufanywa na huduma ziitwazo madaraja.

HATI YA GHALA

Daraja la aina ya kwanza hufanana na ghala la mazao. Mwenye mali hufungia sarafu zake katika mtandao wa kwanza, naye hupewa hati katika mtandao wa pili. Hati hiyo hupokelewa sokoni kama dola ilimradi mzigo upo ghalani. Ghala likivunjwa, mwenye hati hubaki na karatasi.

Ndivyo ilivyotokea kwa daraja la Multichain. Julai 6, 2023, mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 120 ilihamishwa kutoka katika daraja hilo bila maelezo, sehemu kubwa ikiwa ni ile iliyohifadhiwa kwa ajili ya mtandao wa Fantom. Siku chache baadaye Multichain ilitangaza kufunga shughuli zake, ikieleza kuwa mkurugenzi wake mkuu alichukuliwa na polisi wa China Mei 21 mwaka huo, na kwamba mitambo yenye funguo za daraja ilikuwa chini ya akaunti yake binafsi.

Circle na Tether zilizuia zaidi ya dola milioni 60 za sarafu zao zilizohamishwa, lakini hatua hiyo haikuokoa bei ya hati. Waliokuwa na "USDC" katika Fantom waligundua kuwa walichoshika kilitolewa na Multichain, si Circle. Bei yake iliporomoka, wakati USDC halisi ikiendelea kuuzwa kwa takriban dola moja.

Mwaka mmoja kabla, Machi 2022, wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za kuidhinisha malipo katika daraja la Ronin, wakachota sarafu za ether 173,600 pamoja na USDC milioni 25.5. Wizi huo ulijulikana siku 6 baadaye, mteja aliposhindwa kutoa fedha zake.

KUFUTA NA KUANDIKA UPYA

Njia ya pili ilianzishwa na Circle Aprili 2023, kwanza kati ya Ethereum na Avalanche. Katika njia hiyo USDC hufutwa katika mtandao wa kwanza, Circle huthibitisha kuwa imefutwa, kisha kiasi hicho hicho huandikwa upya katika mtandao wa pili. Hakuna ghala la kuvunjwa katikati, na anayepokea hupata sarafu ya mtoaji mwenyewe.

Hata hivyo, hatari ya mtoaji hubaki pale pale. Machi 2023, ilipojulikana kuwa dola bilioni 3.3 za akiba ya Circle zilikuwa katika benki ya Silicon Valley iliyoanguka, USDC ilishuka chini ya senti 90 kwa muda, kabla serikali ya Marekani haijatangaza kuwalinda wenye amana.

Wengi hutumia njia ya tatu, yaani kuweka sarafu katika soko la kubadilishia fedha za kidijitali na kuzitoa kupitia mtandao mwingine. Ni njia rahisi, lakini kwa muda huo mali huwa mikononi mwa soko. Wateja wa FTX walizuiwa kutoa fedha zao Novemba 2022.

KABLA YA KUTUMA

Swali la kwanza ni nani aliyetoa sarafu itakayopokelewa upande wa pili. Jina halitoshi. Kila sarafu ina anwani ya mkataba wake wa programu, ambayo hulinganishwa na ile iliyotangazwa na mtoaji.

Swali la pili ni kama mpokeaji anatumia mtandao huo. Anwani inayoanza na 0x hufanya kazi katika Ethereum na mitandao mingi inayofanana nayo, hivyo programu inaweza kukubali malipo ambayo soko la mpokeaji halitayaona. Tatu, ada hulipwa kwa sarafu ya mtandao husika. Mwenye USDT katika Tron bila sarafu ya TRX kidogo anaweza kukwama akiwa na mali yake mkononi.

Mwenye dola 5,000 hutuma kwanza dola 20, husubiri zifike, hujaribu kuzitumia, ndipo hutuma zilizobaki. Ada ya mara ya pili ni ndogo kuliko mtaji. Daraja likiomba idhini ya kugusa sarafu zilizo kwenye pochi, idhini hiyo iwe ya kiasi kinachotumwa tu.

Mwisho, namba ya kila muamala, tarehe, mtandao na kiasi viandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye madaftari mawili ana kazi ya kuyasoma yote.