Ufuo Usio na Hoteli

Kijana mmoja wa jamaa zetu, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu akifanya kazi mjini Brisbane, Australia, alituandikia hivi karibuni kutaka shauri. Mkewe amemfikia baada ya kungojea viza kwa muda mrefu, na fungate yao iliwapita, yeye akiwa kule na mkewe akiwa huku. Sasa amejiwekea akiba. "Ami," aliandika, "nataka kumpeleka mahali atakapopakumbuka hadi uzeeni. Kuna kisiwa nimekiona ambacho kulala usiku mmoja, watu wawili, hupita dola elfu mbili za huku. Akiba yangu yatosha siku tatu. Je, nifanye, au nitajuta?"

Kwanza tulicheka. Sisi tuliokulia visiwani, tuliolala utotoni kwa sauti ya mawimbi bila ya kutozwa hata senti, twaona ajabu mtu kuuziwa kisiwa kwa usiku. Kisha tukaona kwamba kicheko si jibu, na kijana aliyeomba shauri kwa adabu anastahiki kushauriwa kwa ujuzi. Tukasoma, tukawauliza waliofika. Jibu tulilompa twaliweka hapa, kwa kuwa vijana wetu walio ng'ambo ni wengi, na wazazi walio nyumbani nao huletewa picha hizo hizo kwenye simu wakatakiwa rai.

Visiwa vyenyewe

Visiwa vinavyosifika zaidi kwa mapumziko ya anasa viko kaskazini mashariki mwa Australia, katika jimbo la Queensland, ndani ya eneo liitwalo Great Barrier Reef. Huo ni mfululizo wa miamba ya matumbawe uendao kiasi cha kilomita 2,300, wenye miamba ipatayo 3,000 na mamia ya visiwa. Mwaka 1975 serikali ya Australia iliutungia sheria ya hifadhi, na mwaka 1981 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Visiwa vilivyo vingi havina mkazi hata mmoja. Vyenye hoteli ni vichache.

Katikati ya mfululizo huo kuna visiwa 74 vya Whitsunday. Hamilton ndicho mlango wake: kina uwanja wa ndege upokeao abiria moja kwa moja kutoka Sydney, Melbourne na Brisbane, na humo watu huenda huku na huko kwa vigari vidogo. Kaskazini ya hapo kuna Hayman, kisiwa cha hoteli moja. Na mbali zaidi, kilomita 240 kaskazini ya mji wa Cairns, kuna Lizard Island, chenye hoteli ya vyumba 40 hivi, ambako mgeni hupelekwa kwa ndege ndogo. Hicho ndicho kisiwa alichokiona kijana wetu.

Lizard kina kilima ambacho nahodha James Cook alikipanda mwaka 1770 kutafuta mlango wa kupitishia merikebu yake kati ya miamba. Vitabu vya wageni hupenda kuanzia hapo. Lakini wenyeji wa asili, Wadingaal, wakikiita Jiigurru, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wamefukua humo vigae vya vyungu vyenye umri wa kati ya miaka 1,800 na 3,000. Kilima hicho kilikwisha kupandwa mara nyingi kabla ya nahodha.

Kinachouzwa ni nini?

Mwanafunzi mwerevu huuliza kwanza bidhaa ni ipi. Bahari si bidhaa ya hoteli. Samaki, mwezi na upepo hali kadhalika. Kinacholipiwa kwa dola zile ni utulivu, yaani kutokuwapo kwa watu wengine. Hoteli ya Orpheus Island, kwa mfano, hupokea wageni 28 tu kwa wakati mmoja, wengi wao wakiletwa kwa helikopta kutoka Townsville. Mtu hulipia kutembea asubuhi nzima ufuoni pasina kuona nyayo ila zake mwenyewe.

Sehemu nyingine ya bei ni umbali. Kila ndimu, kila shuka na kila lita ya mafuta hufika kwa mashua au kwa ndege. Wafanyakazi nao hawana mji wa kurudi jioni, basi ni lazima wapewe malazi hapo hapo kisiwani. Tukiyahesabu hayo, bei ile haiwi wizi. Huwa ni gharama ya kuishi mahali ambapo maumbile hayakupanga watu wengi waishi.

Na wazazi wazingatie jambo moja: baadhi ya hoteli hizo si za jamaa nzima. Ile iitwayo qualia, iliyoko ncha ya kaskazini ya Hamilton, haipokei mtoto aliye chini ya miaka 16, na ya Lizard haipokei walio chini ya miaka 10. Kwa maarusi hilo si neno. Kwa baba mwenye watoto wanne, ni bora alijue kabla ya kuwaahidi.

Upepo na joto

Mwaka 1950 tajiri wa mashirika ya ndege, Reginald Ansett, alifungua hoteli ya fahari kisiwani Hayman. Mnamo Januari 1970 kimbunga Ada kilivipiga visiwa vya Whitsunday, kikaua watu 14 na kubomoa hoteli kadhaa. Zikajengwa tena. Februari 2011 kimbunga Yasi kikaiharibu hoteli ya Dunk Island, nayo ikabaki magofu kwa miaka zaidi ya kumi. Machi 2017 kimbunga Debbie kikapita Whitsunday kwa mara nyingine. Hayman na jirani yake Daydream hazikufunguliwa tena hadi 2019, na South Molle ikaachwa. Zipo pia zilizoanguka pasi na kimbunga, kwa gharama na hasara tu, kama ile ya Great Keppel, ambayo wakati mmoja vijana wote wa Australia waliijua kwa nyimbo za matangazo, na ambayo ilifungwa mwaka 2008. Mgeni apitaye kwa mashua huko leo huona mabwawa ya kuogelea yaliyokauka na mapaa yaliyoporomoka katikati ya minazi.

Joto lina madhara ya namna nyingine. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi pamoja na vimea vidogo sana ndani ya mwili wake. Hivyo ndivyo vimpavyo rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, huvitoa, akabaki mweupe na mwenye njaa. Joto likiondoka mapema hupona, likidumu hufa. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana, kwani mwaka 1998 matumbawe ya Malindi na Watamu yaligeuka meupe mbele ya macho ya wavuvi wetu, na mengi hayakupona. Great Barrier Reef ilipigwa mwaka huo huo, kisha 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Katika maeneo ya Lizard Island yaliyochunguzwa baada ya joto la 2024, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yalikutwa yamekufa. Kwa hiyo kijana wetu angelipa bei ya juu kabisa kwenda kutazama bustani iliyo katika ugonjwa. Matumbawe huota tena yakipewa nafasi, nasi twaomba yapewe. Lakini picha za matangazo hazisemi zilipigwa mwaka gani.

Wenyewe

Jambo lililotukaa moyoni zaidi ni la Orpheus, kile cha wageni 28. Kisiwa hicho ni kimoja katika kundi la visiwa vya Palm. Kikubwa cha kundi hilo, Palm Island chenyewe, kina historia nyingine kabisa. Mwaka 1918 kimbunga kiliangamiza makazi ya wenyeji wa asili huko Hull River, bara, mkabala wa Dunk, na serikali ikawahamishia waliosalia Palm Island. Kwa miongo iliyofuata watu wa makabila zaidi ya 40 walipelekwa humo kwa nguvu kutoka pembe zote za Queensland, wengi kwa kosa la kuonekana wakaidi. Mwaka 1957 waligoma wakidai ujira na chakula kilicho bora. Viongozi saba walikamatwa alfajiri, wakatiwa minyororo na kuhamishwa pamoja na jamaa zao. Vizazi vyao wanaishi hapo hadi leo.

Bahari ni moja na upepo ni mmoja. Kisiwa kimoja watu walipelekwa kwa minyororo, na cha jirani watu hulipa maelfu ili wapelekwe. Hatusemi mgeni wa Orpheus ana dhambi kwa hayo. Twasema asiondoke bila ya kuyajua.

Lipo pia la kutuliza moyo. Wenyeji wa Great Keppel, Wawoppaburra, ambao wa mwisho wao waliondolewa kisiwani mwaka 1902, walitambuliwa na mahakama mnamo Desemba 2021 kuwa wenye haki ya ardhi ile. Miaka 119 ilipita. Wajukuu hawakuliacha dai la babu zao.

Jibu letu

Basi turudi kwa maarusi. Katika visiwa vya Whitsunday kuna ufuo uitwao Whitehaven, wa urefu wa kilomita saba, ambao wengi huuhesabu kuwa mzuri kupita zote za nchi ile. Mchanga wake karibu wote ni silika, mweupe kama unga, na jua la adhuhuri haliufanyi uunguze nyayo. Na ufuo huo hauna hoteli. Umo ndani ya hifadhi ya taifa. Tajiri wa qualia huletwa na mashua asubuhi akaondoka jioni, na mwanafunzi aliyelipa ada ndogo ya kibali hupiga hema lake nyuma ya ufuo akabaki, nyota zote zikawa zake.

Tulipolisoma hilo tuliikumbuka pwani yetu. Ziko njia ambazo babu zetu walishukia kwenda kuvua na kuoga, na leo zimezibwa kwa ukuta, na mtoto wa mvuvi huzunguka mbali ili aufikie mchanga aliozaliwa karibu nao. Hatuzichukii hoteli, zimewalisha wengi miongoni mwetu. Lakini Queensland, pamoja na tamaa yake yote ya fedha za wageni, ilijua kuuacha ufuo wake bora kabisa bila ya kuukodisha, na biashara ya hoteli za jirani haikufa kwa hilo. Bali huishi kwa huo, kwani mgeni wa kila hoteli hutaka kupelekwa Whitehaven. Wanaopanga mipango ya fuo zetu wangefaa kulitafakari hilo.

Kijana wetu tulimwandikia hivi. Usiimalize akiba yako kwa siku tatu, kwani ndoa ni safari ndefu kuliko fungate. Lala usiku mmoja Hamilton katika chumba cha bei ya wastani kinachotazama bahari, ili mkeo apumzike. Kisha chukueni kibali na hema, mkalale Whitehaven siku mbili. Bebeni maji yenu, kwa sababu huko hayapo. Nendeni Agosti, wakati wa baridi yao: upepo wa kusi mashariki huwa baridi, mvua ni chache, na nyangumi hupita na watoto wao. Jiepusheni na miezi ya Novemba hadi Mei, ambayo yavuyavu wenye sumu ya kuua huwamo majini, na vimbunga hutokea katika miezi hiyo hiyo. Kila azuruye hifadhi kwa mashua za watalii hutozwa ada ya siku kwa ajili ya kuitunza bahari. Ilipeni kwa moyo mweupe. Msikanyage matumbawe, wala msichukue mchanga hata wa kujaza chupa, kwani ni marufuku. Na ulizeni majina ya kale ya mahali mpitapo. Whitsunday ni nchi ya Wangaro.

Alijibu baada ya juma moja. Alisema alimsomea mkewe barua yetu yote, naye akasema mchanga ameuona tangu kuzaliwa, anachotaka ni siku tatu mume wake asishike simu. Wamepata kibali cha hema cha mwezi wa Agosti. Fedha iliyobaki, amemwachia mkewe aamue, naye ameamua itumike kumletea mama yake tiketi ya kwenda kuwazuru.